Utepe Mwekundu Kwenye Pipa

Hebu mtazame Bi Bisibisi, fundi wa mashine za gemu, anavyoingia dukani: bega moja limeinama kwa uzito wa mkoba wa vifaa, miwani iko juu ya paji la uso, barakoa mkononi. Barakoa si ya mafua, jamani. Ni ya mende. Mashine za gemu zina joto tumboni, na mende hawaachi joto lipite bure. Bi Bisibisi akifungua moja hukuta ukoo mzima, babu mpaka vitukuu. Miaka tisa anawafagia, na bado roho humchafuka.

Duka ni la shemeji yake, mume wa dada yake. Shemeji hununua mashine zilizotumika, Bi Bisibisi anazisafisha, zinauzwa tena. Fundi ana mwiko mmoja. Mashine ikiingia anaibandika utepe mwekundu, na yenye utepe haigusi mtandao mpaka afute kila alichoacha mwenye mashine: akaunti, picha, namba ya kadi ya benki, soga alizopiga na marafiki.

"Unaogopa waya kama nyoka!" shemeji humtania.

"Nyoka angalau namwona."

Jana jioni, nesi mmoja alileta yake. Aliiweka kwenye kaunta lakini mkono ukakawia juu yake.

"Dada, utafuta kila kitu, kweli? Humo nimeongea na watu wangu mwaka mzima."

"Nimekuahidi, mdogo wangu. Kesho, kabla sijanywa chai."

Akabandika utepe, akaenda zake. Hapo ndipo alipokosea: aliuamini utepe.

Sasa anaingia, na utepe uko kwenye pipa, umeviringishwa kama kamasi. Mashine inawaka. Shemeji na wateja wawili wanasoma maneno ya nesi kwenye runinga kubwa, kwa sauti ya puani.

"'Leo nimelia chooni kazini,'" mmoja akasoma. Wakaangua kicheko.

"Zimeni hiyo!"

"Punguza moto, shem. Akaunti hai ndiyo inayouza. Mnunuzi anakuta michezo yote humo."

Lakini fundi alishaona ujumbe wa mwisho. Ulitumwa asubuhi hii, kwa jina la nesi, kwa marafiki zake wote: *Nimefungiwa akaunti. Kuna namba ya siri itaingia kwenye simu yako, nitumie haraka.* Wawili walishatuma. Mmoja ameongeza: *Pole mpenzi, uko salama?*

"Umeandika wewe hii?"

"Aa, utani tu." Macho ya shemeji yalikuwa sakafuni.

Fundi akachomoa waya wa mtandao. Akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, na uchafu haukutoka. Mende wa miaka tisa hawajawahi kumchafua namna hii.

Shemeji akamfuata mpaka kwenye sinki, akanong'ona. "Futa basi, si ulimwahidi? Ukifuta, hakuna kilichotokea. Ukimwonyesha, askari watakuja kwangu. Na kwangu ndiko kwa dada yako."

Wale wateja walikuwa wameshatoweka. Bi Bisibisi akarudi kwenye mashine. Kwenye skrini kuna swali moja: *Futa vyote?* Akifuta, ahadi imetimia, na wale wawili hawatajua namba zao za siri, zinazofungua akaunti zao, zimeangukia mikono ya nani.

Mlango ukafunguliwa. Ni nesi, kwenye sare, njiani kwenda kazini.

"Dada yangu, umeshanifutia?"

Kidole cha fundi kiko juu ya kitufe. Shemeji anakohoa. Ungekuwa wewe, ungebonyeza, au ungemgeuzia skrini?