Kahawa ya Mugenyi

Harufu ya kahawa ya kutafuna siiwezi. Sisemi ile ya kunywa. Hiyo nainywa kila asubuhi na sina neno nayo. Nasema ile ya kwetu, amwani, inayochumwa ikiwa bado haijaiva, ikachemshwa na majani ya kunukia, ikaanikwa juani mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Ukifika nyumba ya Mhaya usipopewa punje hizo kiganjani, basi jua hukukaribishwa, hata kama ulipewa kiti.

Juzi jirani yangu hapa Ijuganyondo alinifungulia kikapu chake kidogo, harufu ikanipiga usoni, na papo hapo nikawa mtoto tena barazani kwa Bibi, kule Rubya, nikimtazama ndege anayetetemeka, nisijue la kufanya.

Ngoja nikueleze huyo ndege. Alikuwa wa daktari mmoja wa kigeni, mama mrefu, mpole, aliyepanga nyumba iliyopakana na kibanja chetu. Kasuku tuliowajua sisi ni wale wa kijivu. Huyu alikuwa wa kijani, kichwa cha kahawia chenye michirizi myeupe, na jicho la njano lililokukazia kama mwalimu wa zamu. Akikasirika, au akifurahi, manyoya ya kisogoni yalisimama yote kwa pamoja, mekundu yenye ukingo wa buluu, yakazunguka kichwa chake. Daktari alituambia kwamba kizungu cha kasuku wa aina hiyo kina neno mwewe ndani yake, na kuku wa Bibi walikubaliana naye kabisa. Siku ya kwanza aliposimamisha manyoya uani, wote waliingia chini ya ghala kwa kelele, na jirani yetu Ta Rwiza akaja mbio na rungu. Bibi alimzuia kwa mikono miwili. "Ta Rwiza, huyo ni mgeni wangu!"

Alikuwa mgeni kweli. Mama yake daktari alikuwa ameugua huko kwao, ikabidi asafiri, naye akamwomba Bibi amtunzie ndege, kwa kuwa kwetu papai halikosekani na hapakosi mtu nyumbani. Alikaa na Bibi barazani akamweleza masharti kwa Kiswahili chake cha taratibu: matunda, maji safi, asiachwe peke yake, parachichi marufuku, chumvi marufuku, chokoleti marufuku. Hapo Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Chokoleti! Mimi mwenyewe sijaionja, nitampa ndege?"

Jina la kizungu la yule ndege lilimshinda Bibi, akamwita Mugenyi, yaani mgeni, na Mugenyi akamshika Bibi kama ruba. Mwanzoni aligoma kula, akakaa ameangalia njia aliyopita daktari, akipiga mluzi uleule wa kumwita. Bibi hakuvumilia. Alimbeba begani kwenda kukata ndizi, begani kuteka maji, begani hata kwenye rozari ya jioni, ambapo kila "Amina" yetu ilijibiwa kwa ukelele wa kutoboa masikio. Sisi wengine alituuma. Mimi kidole changu kina alama mpaka leo, nami nilimpenda hivyohivyo, jamani, sijui kwa nini.

Sasa, siku moja Ta Rwiza alikuja kusalimia. Bibi akatoa kikapu, wakaanza kutafuna. Mugenyi akashuka begani mpaka kwenye mkono, akanyoosha shingo, akawatazama mmoja mmoja. Bibi aliona haya, haya ya kweli.

"Yesu na Maria! Sisi tunatafuna na mgeni anatuangalia. Hii ni nyumba gani?"

Akampa punje moja. Mugenyi aliishika kwa mguu, akaipasua, akaila. Baadaye akasimamisha manyoya yote, akacheza mguu huu na mguu huu, akapiga miluzi ambayo hatujawahi kuisikia. Tulicheka mpaka Ta Rwiza akashika mbavu. Tangu siku hiyo kila mgeni alipopewa kahawa kwetu, Mugenyi naye alipewa yake. Na kwa Bibi wageni hawakatiki, hasa walipojua kuna ndege anayetafuna kahawa kama wazee.

Asubuhi moja ya mvua tulimkuta sakafuni. Manyoya yalikuwa yamesimama nusu, mwili ukitetemeka, na kifua kikipiga haraka hivi kwamba niliweza kuona. Bibi alimfunika kwa kanga yake, akanipakatisha. Nilitumwa nipige namba aliyoiacha daktari, kwa simu ya Ta Rwiza. Haikupatikana, nikapiga tena, haikupatikana. Bwana mifugo akaja na koti lake linalochuruzika, akainama, akamtazama Mugenyi muda mrefu, akajikuna.

"Mama, nisikudanganye. Mimi ni mtu wa ng'ombe."

Akaondoka. Kumwombea tulimwombea. Papai alilikataa, maji aliyatema. Basi Bibi akakumbuka kitu kimoja tu kilichowahi kumchangamsha. Alichukua punje za kahawa, akazitafuna mwenyewe zikalainika vizuri, kama wamama wanavyomlainishia mtoto chakula, akamtia mdomoni kidogo kidogo kwa ncha ya kidole. "Kula, mwanangu. Upate nguvu." Na Mugenyi, ambaye alikataa kila kitu, hiyo aliimeza, kwa sababu ilitoka kwa Bibi. Alikufa mapajani mwangu kabla ya saa sita. Nilisikia kifua kinakimbia, kinakimbia, halafu hakuna kitu.

Daktari aliporudi, Bibi alimpokea kwa magoti, akilia. Yule mama hakugomba. Aliuliza tu alikuwa anakula nini. Bibi akamtajia kwa uaminifu: papai, ndizi, pera, maji ya kisimani yaliyochemshwa. Kahawa hakuitaja, wala hakuificha. Kahawa kwetu si chakula, ni salamu. Nani huulizwa mgeni alikula nini akajibu kwamba alisalimiwa? Kisha, kama ilivyo desturi, akamwekea daktari punje kiganjani, naye akazitafuna huku machozi yakimtoka.

Nilikuwa mtu mzima, nina kasuku wangu wa kijivu, ndipo daktari wa mifugo wa mjini aliponiambia, hivihivi tu katika mazungumzo, nisije nikamwachia kikombe changu cha kahawa mezani. "Inawaua," alisema. "Moyo unakimbia mpaka unasimama." Nilimwitikia, nikaenda kukaa peke yangu uani.

Bibi bado yupo, haoni tena vizuri, lakini kikapu chake anakijua kwa mkono. Jumapili hii nilikwenda Rubya nikiwa nimeazimia kumwambia, maana kila nikienda ananiuliza jambo lilelile. Sikuwa nimekaa hata sawasawa.

"Koku, yule Mugenyi," alisema, "hivi tulimnyima nini?"

Nikafungua mdomo. Tayari alikuwa ameshika mkono wangu, anaukunjua vidole, anahesabia punje kiganjani kwa upendo uleule.

"Hatukumnyima kitu, Bibi," nikamwambia, nikatia kahawa mdomoni, nikatafuna.