Mafunzo ya Wakati wa Ndama

Sunna Kuhmunen alianza na pikipiki moja ya theluji ambayo shemeji zake wawili walikwisha kuikatia tamaa. Aliifungua, akaifunga, akaitukana, ikawaka. Tangu hapo hakuna mzigo wa Kituo cha Utafiti uliovuka ziwa bila yeye: mapipa, mitambo ya kupimia, vitanda vya wanafunzi, hata piano ya mkuu mmoja aliyedhani atakaa. Kupunguziwa bei hakukuwepo. "Barafu nayo hainipunguzii," ndivyo alivyowajibu.

Kituo kilikuwa kikipima mlima uleule kwa miaka arobaini: theluji, maua, wadudu, mahali palepale kila mwaka. Majira haya kilitangaza kazi ya kudumu ya fundi wa vipimo, kwa mkazi wa hapahapa. Sunna aliitaka. Magoti yalikuwa yamemwisha kwa kukimbizana na kulungu wa kufugwa wa familia yake, na ziwa lilikuwa likiganda kwa kuchelewa zaidi kila mwaka. Ila mwombaji lazima awe amepitia mafunzo ya wenyeji, na mafunzo hayo Kituo huyafanya Julai.

Julai! Wakati mbu wanapowapandisha kulungu hadi kwenye mabaka ya theluji ya juu, na kila familia ya Wasaami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini ya mbali, iko nyuma yao ikitia ndama alama masikioni. Ndama asiye na alama hana mwenyewe. Wiki hiyo haipangwi na mtu. Mbu ndio wanaopanga.

Kwenye mkutano wa kijiji, Aprili, mkuu wa Kituo, Torbjörn Hedlund, alisimama na kikombe chake cha kahawa.

"Mlango tunaufungua kila mwaka," alisema. "Wenyeji hawaji. Labda utafiti hauwavutii."

Sunna alikuwa akikatia jibini ndani ya kahawa, desturi ya kwao. Akaweka kisu chini.

"We bwana, hebu rudia."

"Nasema labda..."

"Unabisha hodi wenye nyumba wakiwa machungani, halafu unaandika kwamba wamekataa kufungua?"

Watu wakacheka. Shangazi yake, Biret, akapiga meza. "Mwambie tena! Huenda hana masikio."

"Masikio anayo, shangazi. Yamekosa alama tu."

Torbjörn akawa mwekundu. "Sunna, maua lazima yapimwe wiki ileile. Tukiihamisha, miaka arobaini inaharibika."

"Nani kakwambia uhamishe maua? Mimi nasema mafunzo. Theluji hamuipimi?"

"Tunaipima. Mwezi huu."

"Basi tufundisheni mwezi huu, kwenye theluji."

"Ratiba imeshapitishwa. Mwakani tutalitazama."

Hilo "mwakani" Sunna alikuwa amelilea hadi likaota ndevu. Akavaa glavu, akatoka.

Asubuhi iliyofuata masanduku ya Kituo yalikuwa yamepangwa ufukoni, na Sunna hakutokea. Walimpigia simu binamu yake Ánte. Akasema pikipiki yake inaumwa. Wakampigia jirani wa Ánte. Ya kwake ilikuwa imeambukizwa. Maji yakaanza kusimama juu ya barafu kandokando ya ziwa. Ndipo Torbjörn alipokuja kubisha hodi mwenyewe.

"Sunna, barafu haitusubiri."

"Na ndama je?"

"Tutakuwa na pengo la mwaka mzima kwenye vipimo!"

"Sisi tuna pengo la miaka yote, na sijasikia umekosa usingizi."

"Unataka nini?"

"Mafunzo mwezi huu, na jina langu liwe la kwanza."

"Basi na wewe ungetupunguzia kidogo kwenye usafiri, kwa kuwa mnafaidika..."

Sunna alianza kufunga mlango.

"Bei ileile!" Torbjörn akasema haraka.

Mafunzo yakafanyika. Sunna alichimba mashimo, akapima uzito wa theluji, akakosea hesabu, akasahihishwa, akarudia. Hasira hazikumziba masikio. Alifaulu, na kazi akapewa.

Siku ya kufunga mafunzo, ng'ambo ya ziwa, Torbjörn alileta mpiga picha. "Sema kidogo, Sunna. Kwamba Kituo kimewapa wenyeji fursa."

"Kimetupa? Nilichokukamua wewe unakiita zawadi?" Hakuitazama kamera. "Zile taarifa zako zinazosema tuliitwa tukakataa, utazisahihisha lini?"

"Hizo zimeshapita. Tutazame mbele."

Sunna alilitazama ziwa. Barafu ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Hii ilikuwa safari ya mwisho kabla haijayeyuka.

"Haya, tutazame mbele. Mpiga picha, kaa hapa nyuma yangu. Wewe, panda kwenye tela, na mapipa."

Aliwasha pikipiki, akakanyaga yale maji ya juu ya barafu bila kukwepa hata dimbwi moja. Walipofika katikati, sauti ikatoka kwenye mapipa, imelowa, ikipiga kelele kwamba atazisahihisha, atazisahihisha zote.

Sunna alimsikia vizuri. Akaongeza mwendo.