Alama ya Zambarau kwenye Boljointi

Niliukata usukani hadi mwisho, nikashuka, nikachuchumaa kando ya gurudumu la kushoto na kuchungulia ndani. Alama yangu ilikuwa pale pale. Ni ile dawa ya zambarau tunayowapaka watoto wakiota utando mweupe mdomoni. Nilikuwa nimeipaka kwenye boljointi siku mbili nyuma, kabla ya kuwaachia mafundi wa gereji gari. Fundi mkubwa alikuwa ameniambia punde tu, akijifuta mikono, kwamba amefunga boljointi mpya. Mpya, na dawa ya mwanangu juu yake.

Nilimwonyesha. Hakuona hata haya.

"Mama, hii gari iko sawa," akasema. "Ni barabara inaitetemesha. Wewe leta mzee, mimi nitamwelezea."

Wenzake wakacheka. Mzee, yaani mume wangu, ni karani Nakuru na hajui jeki inaingizwa wapi, lakini si hilo lililonimalizia uvumilivu. Ni harufu iliyobaki vidoleni mwangu: grisi kuukuu iliyoshikana na vumbi, kama chuma na samli iliyochacha. Harufu hiyo naijua tangu darasa la nne.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi, na gari lake, stesheni wagoni la rangi ya krimu, alilinunua likiwa limechoka tayari. Mita ya kilomita ilikuwa imezunguka hadi mwisho ikaanza upya. Baba alikuwa akisema gari limezaliwa mara ya pili, kama watu waliookoka. Jumapili lilitupeleka Kombewa kwa nyanya. Mama alikaa mbele na thamosi ya chai mapajani, mimi nyuma. Mwaka ule, kila tulipofika pale barabara inaponyooka na baba akakanyaga mafuta, kifuniko cha thamosi kilianza kugongagonga, kisha usukani ukatetemeka mikononi mwake. Akipunguza mwendo, kimya. Mama alimwambia kwa upole kwamba gari lina homa, alipeleke.

Baba hakupenda kukisia. Darasani aliwafundisha wanafunzi kubadilisha kitu kimoja, kungoja, kuona. Kwa hiyo Jumamosi moja alihamisha magurudumu ya mbele akayafunga nyuma, ya nyuma akayafunga mbele, kisha tukaenda mbio kidogo na kurudi. Kama kosa ni la tairi, alinieleza, mtetemeko utahamia nyuma, tuusikie kwenye viti. Haukuhama. Usukani ulitetemeka vile vile.

Ndipo akaliinua gari kwa jeki, akalikingia gogo chini, akaniita. Mkono wangu ulikuwa mdogo, ulipenya mahali ambapo wake haukufika. Kazi yangu ilikuwa kushika boljointi, lile fundo la chuma linalolishikilia gurudumu, huku yeye akilisukasuka gurudumu juu na chini.

"Usiniambie unadhani nini," akasema. "Niambie mkono unasikia nini."

Kulia hapakuwa na kitu. Kushoto, kila akisukuma, kitu kiligonga kiganja changu, kidogo sana, kama moyo wa kifaranga ukimshika. Nikamwambia. Akalala chali, akajinyoosha akaigusa kwa ncha ya kidole huku mimi nikilisukuma gurudumu kwa nguvu zangu zote. Akaitikia kwa kichwa. "Umeipata, nyathina," akasema, yaani mwanangu. Nawaambieni, hata cheti changu cha fomu foo hakikunipa furaha ile.

Likizo ilipofika tukaenda gereji moja mjini. Baba akamweleza fundi kwamba boljointi ya kushoto imekwisha, na kwa fahari akaongeza kwamba ni mimi niliyeigundua. Fundi akanitazama kuanzia viatu hadi riboni.

"Mwalimu," akasema, "siku hizi gari inapimwa na wasichana? Basi ipeleke jikoni, mama yake amalizie."

Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakingojea magari yao wakaangua kicheko. Nilimtazama baba, nikingoja amjibu. Baba akacheka pamoja nao. Fundi alisema shida ni tairi, zinataka kusawazishwa kwa vipande vya madini ya risasi, na baba, aliyekuwa amezihamisha tairi hizo kwa mikono yake mwenyewe, akakubali.

Wiki mbili baadaye, karibu na Ahero, boljointi ya kushoto iliachia. Gurudumu lililala, gari likatumbukia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, upande aliokaa mama. Nyonga yake ilivunjika. Mpaka leo anatembea akijishika ukuta, na nyumbani kwake wali haupikwi.

Hospitalini baba aliwaambia wageni wote kwamba vyuma vya zamani haviaminiki. Mimi hakunitazama. Nikakua nikiamini kwamba fundi alikuwa amemshawishi, kwamba mkono wangu haukueleza vizuri. Nilijilaumu kwa miaka, mimi niliyekuwa mtoto tu wa darasa la nne. Nilielewa juzi tu, nimechuchumaa pale na grisi vidoleni. Baba alijua. Kidole chake kilisikia kile kile nilichosikia mimi. Aliona afadhali kumkalisha mama kiti cha mbele kuliko kuchekwa na benchi la wanaume. Nampenda, na simsamehe.

Kwa hiyo sikumtukana fundi yule wa juzi. Nilimchukua mwanangu, niliyekuwa nimemwacha kwa mama muuza chai pale langoni, nikaacha gari, tukaenda nyumbani kwa miguu. Kesho yake niliipeleka barua hii kwa mkono wangu na kungoja hadi ikagongwa muhuri:

Kwa Mwenye Gereji.
Nakala: Mkaguzi wa Magari.

MINTARAFU: BOLJOINTI AMBAYO HAIKUBADILISHWA

Bwana,

Nililileta gari langu likitetemeka usukani kwenye mwendo wa kasi. Nilieleza kwamba boljointi ya mbele kushoto imelegea. Fundi wako aliniambia ameibadilisha. Hakuibadilisha. Ile ya zamani bado imefungwa, ina alama yangu ya dawa ya zambarau, na gari liko uani kwako kama ushahidi.

Nilipolalamika niliambiwa nilete mzee. Gari hili hubeba mtoto wa miezi saba.

Naomba boljointi ifungwe mpya na gari likaguliwe mbele yangu, likiwa limeinuliwa kwa jeki. Fundi wako atalisukasuka gurudumu. Mkono utakaoshika boljointi utakuwa wangu. Hakuna mzee atakayekuja.

Wako,
Mwenye gari.