Karani wa Garsen Aliyeifundisha Kompyuta Kufuata Habari za Mto

Saa kumi na mbili asubuhi, modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, inakwaruza na kulia katika ofisi ya shirika moja la misaada mjini Garsen. Hakuna aliyeigusa. Karani Dado Komora, miaka ishirini na tisa, anafagia matope mlangoni. Anauweka ufagio chini, anachungulia kioo cha kompyuta.

"Imeleta mbili," anasema. "Mungu ashukuriwe."

Faili hizo mbili ni vipimo vya Mto Tana kule juu, Garissa, vinavyowekwa kila jioni kwenye kompyuta kuu iliyoko Nairobi. Maji yakipita Garissa huchukua siku kadhaa kufika huku chini. Anayepata vipimo mapema anapata nafasi ya kuhama.

Mwaka jana, 1997, nafasi hiyo haikuwapo. Kila alipopiga simu Nairobi kwa modemu, Dado alilazimika kuvuta faili zote, kuanzia za zamani. Laini ikikatika, anaanza upya. Mpya zilikuwa mwisho kabisa.

Novemba, mvua za El Nino zilipozidi, laini ilimkatikia siku tatu mfululizo. Onyo lilipofika, kijiji cha Kilelengwani kilikuwa kimeshazama. Shangazi yake aitwaye Binti alikaa juu ya paa siku mbili na wajukuu watatu hadi mtumbwi ulipowafikia.

"Shangazi hakunilaumu hata kidogo," Dado anasema, sauti ikishuka. "Lakini mimi nilijua. Ile faili ilikuwa Nairobi, inanisubiri."

Akamwomba msaada Gershom, fundi wa kompyuta wa shirika hilo huko Nairobi. Kwa wiki tano fundi alimsomea kwa simu maagizo ya kuiandikia kompyuta, naye akayachapa mstari kwa mstari: piga saa kumi na mbili, tazama tarehe, chukua zilizoongezwa tangu jana tu, laini ikikatika, ngoja dakika kumi, piga tena.

"Nilikuwa najua kupiga chapa tu. Nikikosea nukta moja, yote yanakataa. Naye hakuchoka. Ananiambia, 'Dada, turudi pale pale.' Yule mtu nitamshukuru mpaka nife."

Mwishoni mwa Januari mto ulipanda tena. Safari hii kipimo kilifika asubuhi iliyofuata. Dado alimtuma mwenzake kwa pikipiki, kisha kwa mtumbwi, na watu wa Kilelengwani wakahamia mwinukoni na magunia yao siku moja kabla ya maji.

Guyo Sadik, mfugaji wa Kiorma, alihamisha ng'ombe wake arobaini. Siku tunayozungumza amekuja na kibuyu cha maziwa.

"Maji ilikuja, ikakuta nyasi tu," anasema akicheka. "Huyu dada, Mungu ampe maisha."

Dado anapokea kibuyu kwa mikono miwili. Kisha anatuonyesha barua aliyoichapa kwa wakubwa wake, akiomba redio ya mawasiliano kwa ajili ya Kilelengwani.

"Kutoka Nairobi hadi hapa, habari sasa inakuja yenyewe," anasema. "Kutoka hapa hadi kwa shangazi bado inapiga kasia. Nikiipata hiyo redio, nitampigia mimi mwenyewe."