Vidonge vya homoni vya mke wangu na duara lililokauka Geita

Wakuu, mwangaluka. Kwa wasio wa kwetu, hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, itikieni vyovyote.

Naanza na jambo nililowahi kuliamini kwa moyo wote, mimi mtu niliyemaliza shule ya jioni na cheti ninacho: kwamba mwanamke akinywa dawa ya kuzuia damu, dhahabu nayo inakata kule mumewe anakochimba.

Msicheke kwanza. Nasimulia yaliyonikuta. Chumvi mtakayokutana nayo ni ya ladha tu, mtaijua mkiiona.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mke wangu Kabula alikuwa kwa mama yangu, kijijini Samuye, mimi niko machimboni Geita. Shimo la kuchimbia tunaliita duara. Letu lilikuwa refu, ukidondosha jiwe asubuhi linafika chini wakati wa chakula cha mchana.

Kabula alikuwa na shida ya hedhi. Inapotea, ikirudi inakuja kama bomba lililopasuka. Mimba mbili ziliharibika zikiwa changa.

Wenzake aliocheza nao walishakuwa Mama Masanja, Mama Holo. Yeye bado anaitwa Kabula tu. Nikiwa nyumbani nilikuwa naona anavyoitikia. Hata hamalizi kuitikia.

Tukaenda hospitali Shinyanga mjini. Mama daktari akampima, akasema homoni ya kutunza mimba ni pungufu. Akampa vidonge, kwanza vya kurekebisha mzunguko. Aliposhika mimba tena, akapewa vya kuishikilia miezi ile ya mwanzo.

Akasisitiza: "Usikatishe bila kuniona."

Nikarudi Geita na furaha yangu. Kilichoniponza ni mdomo. Nikawafundisha wenzangu habari za homoni, kisomi kabisa, mpaka nikachora mchangani kwa kijiti.

Mkuu wa duara letu, Mzee Ngassa, akauliza: "Kwa hiyo mkeo anakunywa kitu cha kuzuia damu?"

"Ndiyo mzee, ili mimba isitoke."

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

Akawageukia wenzangu. "Na sisi mara ya mwisho kuona rangi ya dhahabu ni lini?"

Wakuu, hata nzi walitua kusikiliza.

Lazima mjue, pale kambini damu ya mwanamke na dhahabu zilihesabiwa ndugu. Mke wa mchimbaji akiwa mwezini, watu wanachekelea, duara linafunguka. Sasa mimi nimemzuia mke, nimefunga na mshipa wa dhahabu. Hesabu ilikubali. Shule ya jioni tulifundishwa sababu na matokeo.

"Chagua, bwana msomi," akasema Ngassa. "Aache vidonge, au wewe utoke duarani. Hatufi njaa sisi kwa tumbo la mkeo."

Nikaomba ruhusa, nikaenda Shinyanga kumuuliza mama daktari kama kuna kidonge kinachoshika mimba lakini kinaacha dhahabu ipite.

Akavua miwani. "Baba, kidonge kinaishia mwilini mwa mkeo. Hakifiki Geita."

Nikamshukuru. Moyoni nikasema, kwa homoni huyu ni mtaalamu, ila duara hajawahi kushuka.

Samuye nikamkuta Kabula anakunywa uji. Nikamweleza yote, na duara, na njaa ya wenzangu. Hakulia. Akachukua kidonge, akakitia mdomoni, akashushia uji, akanitazama.

"Nimemeza," akasema. "Kawaambie."

Nikaenda kuwaambia. Nikachukua koleo na blanketi langu, nikatoka duarani. Nilijua kabisa naacha utajiri. Kwa makadirio yangu ningeinunua Shinyanga nusu, pamoja na reli.

Mimba ikakaa. Akaja mtoto wa kike, akilia Samuye, wanamsikia mpaka stesheni ya Isaka. Nikampa jina Zahabu, maana ndiye fungu langu la dhahabu.

Kabula akawa Mama Zahabu. Siku ya kwanza kuitwa hivyo sokoni, aligeuka nyuma kumtafuta anayeitwa.

Na mimi nikaendelea kuamini. Mimba ilikaa, dhahabu ilikata, ushahidi gani tena? Binti akigoma kuosha vyombo nilikuwa namwambia, "Mwanangu, wewe umegharimu mgodi mzima."

Funzo ni hili: ya dawa muulize daktari, usimuulize mwenye duara. Na homoni usimeze kwa kuwa zilimfaa mke wa jirani, Kabula alipimwa kwanza. Wenye ya kwenu yamwageni hapa chini, nasoma yote, hata matusi.

Mtauliza macho yalinifunguka lini. Ni siku moja, pale stesheni ya Isaka. Nilikuwa na Zahabu, keshakuwa mwari, tukamkuta Mzee Ngassa amekalia mzigo wake. Binti akampa shikamoo.

Nikamtambulisha kwa fahari: "Mzee, huyu ndiye aliyelifunga duara letu."

Ngassa akaitikia marahaba, akamtazama mtoto juu hadi chini, kisha akanigeukia.

"Gete, kweli kabisa unaamini mpaka leo? Lile duara lilikwisha dhahabu kabla wewe hujaja, tuliokota makombo tu, na yalipokata nikahitaji wa kumsingizia. Unadhani wale wa mwanzo walituachia kwa nini?"