Kicheko cha Hawa Katika Mchezo wa Ggaba

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ntinda jijini Kampala, Mkurugenzi alinipa simu ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka, akasema, "Kazi yako hapa ni kushindwa. Shindwa kwa kila njia, halafu niambie mchezo umekwama wapi." Nilidhani ananitania. Mimi binti wa askari, niliyekulia kambi ya jeshi ya Mbuya, nilipwe kwa kushindwa?

Kumbe ndiyo kazi ya mjaribu. Kampuni yetu ilikuwa mchapishaji wa michezo ya simu: wengine walibuni, sisi tuliijaribu, tukaitia sauti, tukaitafutia wanunuzi. Waigizaji hatukuweza kuwalipa, kwa hiyo desturi ilikuwa tuwatumie ndugu zetu, tena tuwarekodi palepale wanapofanyia kazi. Nilipohamishiwa kitengo cha sauti, Meneja aliniuliza, "Kwenu nani ana mdomo?" Nikampeleka kwa dada yangu Hawa, muuza samaki wa Ggaba, kando ya ziwa. Katika mchezo wetu wa soko la samaki, kila ukishindwa Hawa alikucheka: "Wewe ssebo, bwana, samaki imekimbia! Rudi kesho!" Injini za mashua zilinguruma nyuma yake. Watu walishindwa makusudi ili wamsikie.

Baadaye simu zikabadilika, wanunuzi wakatukimbia, ofisi ikafungwa. Simu za kujaribia tulizirudisha zikiwa zimefutwa kila kitu, kama kanuni ilivyotaka. Kisha Hawa akafa. Nilijifariji kwamba sauti yake imo kwenye kompyuta za kampuni.

Mwaka huu kampuni imefufuliwa. Mkurugenzi mpya, mtu mwenye adabu zake, alitualika sisi wafanyakazi wa zamani kwenye sherehe.

"Mama, mchezo wenu ya Ggaba imerudi," aliniambia. "Sasa haina kelele yoyote."

"Na dada yangu?"

"Tumeweka sauti mpya, mama. Sisi tulinunua jina tu. Kompyuta za zamani ziliuzwa, hatujui ziko wapi."

Watu wakapiga makofi. Nilichukia kila kitu pale, hata keki.

Ninyi mnaoanza kazi hizi, msiiachie kampuni sauti ya mtu mnayempenda. Ninayo huzuni ambayo sijui niipeleke wapi.

Mchezo huo mpya nimeuweka kwenye simu yangu. Nikishakula, nakaa nashindwa. Naacha mashua izame, nauza samaki waliooza, nakaa bila kubonyeza kitu, njia zote nilizofundishwa, na ingawa najua walinunua jina tu, labda iko moja ambamo Hawa bado amebaki. Kila mara msichana mwenye sauti safi ananiambia nijaribu tena.