Sauti ya Zubeda Ilipokosea Grupu

Basi bwana, mtaa mzima wa Malvern, hapa Joburg, hakuna anayesoma kwa sauti kama Mwalimu Zubeda. Mtu wa Tanga yule, mchana anashona kanzu kibandani kwake Jules Street, jioni anafundisha madrasa kwenye chumba cha nyuma ya msikiti. Na watoto wa Joburg si unawajua, Kiswahili wanasikia tu, kujibu ni Kizulu. Lakini kwa Zubeda wanajibu Kiswahili, tena wanagombania! Yeye hana mtoto. Hao ndio wake, wote.

Sasa kuna Bibi Mayasa, Mshia wa Unguja, anaishi peke yake mtaa wa Turffontein, ghorofa ya kwanza, macho yameingia ukungu. Ana kitabu cha mwanachuoni wa Kishia wa karne nyingi huko nyuma, kinatetea jambo moja tu mwanzo mwisho: Uimamu, yaani nani mwenye haki ya kuongoza umma baada ya Mtume. Tafsiri ya Kiswahili anayo, macho ya kuisomea ndo hana. Zubeda ni Msuni, ila huruma ikamshika, kila siku anamrekodia ukurasa na kumtumia WhatsApp. Siri yao wawili, maana Bibi hataki maneno na Wasuni wa msikitini.

Wiki hiyo msikiti ulikuwa unachagua imamu mpya kwa kura, na watu walishaanza kununiana. Zubeda akarekodi, akatuma, akarudi kwenye cherehani. Kumbe katuma grupu la Mama wa Madrasa!

"Bibi yangu, tuendelee tulipoishia jana. Imamu hawekwi kwa kura. Anateuliwa na Mungu. Watu wakijichagulia, wamejichagulia upofu."

Yalaa!

Kwenye kitabu, imamu ni kiongozi wa umma mzima, wa ukoo wa Mtume, asiyekosea. Malvern, imamu ni mtu anayeswalisha na kuendesha Toyota bovu. Neno ni hilo hilo! Zubeda akakimbilia kufuta, kwa pupa akabonyeza afutiwe yeye tu. Eish. Kwake ikapotea, kwa wengine wote ipo.

Sumaiya, ambaye wanawe wawili wako darasani pale, akawa wa kwanza kupiga.

"Mwalimu, nani kakutuma utuvurugie uchaguzi?"

"Shoga, sio imamu wetu huyo!"

"Kwani tuna mwingine?"

Zubeda akakata simu. Akitaja kitabu, wataulizia mwenye kitabu, na watamfikia Bibi. Akanyamaza, na kile kimya ndo kikawa petroli.

Kesho yake madrasa walikuja watoto wachache. Halafu mikeka mitupu. Pale kwenye robot, taa za barabarani, watu anaowajua wakimwona wanainamia simu. Asubuhi moja akakuta kanzu aliyoiacha kibandani imechanwa mgongo, kisu kimepita wima, kimenyooka kama kazi ya fundi.

Alasiri akaja Ustadhi Abdulrahman, mwenyekiti wa msikiti. Hakukaa. Sauti yake laini, kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Mwalimu, sisi tunakujua. Ulikuwa unamsomea mtu. Huyo bibi ni nani?"

"Bibi yangu tu."

"Bibi yako kazikwa Tanga. Hitima si tulisoma hapa hapa?"

Zubeda akainamia cherehani.

"Jina tu," akasema Ustadhi. "Watoto watarudi wote, nitawaleta mwenyewe."

"Mtamfanya nini?"

"Mimi? Mimi sitamfanya kitu."

Hiyo "mimi" ikamwingia Zubeda mpaka mgongoni. Akawaona watoto wake, vidole juu, kila mmoja anataka kujibu. Nusura amtaje. Nusura kabisa.

"Tafuteni mwalimu mwingine, Ustadhi."

"Sharp," alijibu Ustadhi, mtu ambaye hajawahi kusema sharp, ile "sawa" ya vijana wa Joburg, maishani mwake, akaondoka.

Zubeda akapanda teksi hadi Turffontein. Njiani simu ikatetemeka: kaondolewa kwenye grupu.

Bibi alikuwa kafungua dirisha, joto. "Leo umekuja mwenyewe! Haya, soma."

Zubeda akaanza kwa kunong'ona. Chini, mbele ya spaza, kile kiduka cha mtaani, mwanamume wa kofia ya kiua aliyeshuka teksi ile ile alisimama kainua shingo, anahesabu madirisha.

"Sikusikii, mwanangu," Bibi akacheka. "Paza sauti!"

Zubeda akafunga dirisha, akavuta pazia. Halafu akapaza, maana akinyamaza atasikia hatua za mtu ngazini.